Nani aliwashauri Waairishi wapake treni zao nyeusi na chungwa? Uzi wa wapenda reli

#1 Mataruma
Wakuu, salaam. Nina hoja, mkitaka nipigeni mawe: sijaona rangi ya treni iliyotukanwa sana na kupendwa sana kwa wakati mmoja kama nyeusi na chungwa ya Ireland.

Kwa wasioifahamu: shirika lao la usafiri, CIÉ, lilianza 1945 na kijani kilichokolea, rangi ya heshima kabisa. Mwaka 1955 vikaanza kuingia vichwa vya dizeli vya Metropolitan-Vickers kutoka Uingereza, vimepakwa rangi ya fedha. Haukupita muda vingine vikaanza kupakwa kijani. Mara 1961, 1962 hivi, mambo yote yakageuka: vichwa vyeusi, mabehewa meusi juu na chungwa iliyoungua chini, katikati mstari mweupe. Mwaka 1972 yakaja mabehewa mapya yenye viyoyozi, chungwa ikatanda na nyeusi ikabaki mkanda wa madirishani. Kuanzia hapo hadi miaka ya 2000, mtu akikutajia treni ya Ireland picha inayokujia ni chungwa.

Niko Dublin, na kila nikipanda treni za matembezi za mvuke nawakuta wazee wenye kamera wanabishania jambo hilihili. Nani alikaa kikaoni akasema "paka nyeusi"? Na wenzake walimkubalia kwa nini?

#2 Kabwela_Cork
Uchafu. Funga uzi.

Rangi ya fedha kwenye nchi ya mvua na vumbi la breki haidumu. Kila tone la mafuta lilionekana. Nyeusi inaficha. Kuna mambo hayahitaji kikao.

#3 Nyangumi77
@Kabwela_Cork tusifunge haraka hivyo. Kama shida ni uchafu, kijani kilichokolea nacho kinaficha, na walikuwa nacho tayari. Tena kampuni iliyotangulia, Great Southern Railways ya 1925, injini zake za mvuke karibu zote ilizipaka kijivu kitupu. Wangerudi kijivuni tu. Isitoshe, vile vichwa 15 vya General Motors vya 1961, wanavyoviita 121, vilifika kutoka Marekani vikiwa kijivu na njano. Mtu anayeogopa uchafu haagizi njano.

#4 Kabwela_Cork
Na njano yenyewe ilidumu? Umenisaidia hoja yangu, ahsante.

#5 MzeeWaKarakana
Mnabishana rangi mkiwa hamjawahi kushika tambara. Nimestaafu karakana ya reli, Tabora, nawaeleza.

Vichwa vile vya 1955 na 1957, vile 60 vya aina ya A na 34 vya aina ya C, vilikuwa na injini za Crossley za mipigo miwili. Injini hiyo ilisifika kwa mambo matatu: moshi, kutetemeka na kuvuja mafuta. Kichwa kinachotetemeka hulegeza viungo vya mabomba, kiungo kikilegea mafuta yanatambaa ubavuni. Ukikipaka fedha, kesho kina michirizi. Msimamizi wa karakana anaambiwa na wakubwa kioshwe, anakiosha, kesho kutwa kiko vilevile. Mwisho anawaambia wakubwa: nipeni rangi ninayoweza kuishi nayo.

Kwa hiyo mimi nasema nyeusi iliombwa na mafundi. Wakubwa waliweka chungwa ili wajisikie wamefanya kitu.

#6 Gadi_wa_Usiku
Shikamoo mzee. Maelezo matamu, lakini yana tundu. Kati ya 1968 na 1971 vichwa vya A vilitolewa Crossley vikawekewa injini za General Motors, vikaacha kusumbua. Mbona nyeusi haikuondoka pamoja na mafuta yaliyoileta?

#7 MzeeWaKarakana
Marahaba kijana. Umewahi kuona ofisi inabadilisha rangi kwa sababu shida imekwisha? Rangi ikishaingia stoo, imeingia. Mapipa yapo, vibao vya kuchorea herufi vipo, fundi rangi ameizoea. Unahitaji shida mpya ndipo ibadilike.

#8 Dada_Limerick
Nyote mnazungumzia uchafu kana kwamba abiria hawapo. Mimi naona ni mavazi ya mtu anayetaka aonekane wa kisasa. Angalieni tarehe: 1961 inaingia 121, 1962 vinaingia vile 37 vya 141, mvuke wanaumaliza kabisa 1963, mapema kuliko majirani zao Waingereza. Shirika limetupa makaa ya mawe, limenunua Marekani, linataka watu waone kwamba ni jipya. Kijani ilikuwa rangi ya zamani. Hata nembo waliibadilisha miaka hiyohiyo. Ile ya awali waliirithi kutoka kampuni ya tramu za Dublin, gurudumu lenye bawa, na wananchi waliipachika jina la konokono arukaye. Huwezi kuuza kasi na konokono ubavuni.

#9 Mataruma
Hahaha, dada umeniua na konokono. Ila hapo kwenye abiria pana mzaha mchungu: wapenda reli wenyewe rangi hiyo wanaiita "black and tan", yaani nyeusi na hudhurungi. Ndilo jina walilobandikwa askari wa kukodiwa walioletwa na Waingereza 1920 kuzima vita vya uhuru, kwa sababu sare hazikutosha wakavalishwa mchanganyiko wa khaki na nyeusi. Walichoma miji, mji wa Cork ukiwemo katikati yake, Desemba 1920. Halafu miaka arobaini baadaye, reli ya taifa huru inavaa nguo zilezile na watu wanacheka. @Kabwela_Cork wazee wa huko wanasemaje?

#10 Kabwela_Cork
Wanasema bia. Kuna kinywaji cha kuchanganya bia nyeusi na ya rangi ya dhahabu kina jina hilohilo. Ukiwauliza kuhusu askari wanakuwa wakali kidogo, kwa hiyo siulizi.

#11 Mpita_Njia
Watu wazima mnabishania rangi ya treni ya watu. Sisi huku treni ikifika tunashukuru Mungu, hata iwe na madoadoa.

#12 Binti_Kilindini
@Mpita_Njia pita basi.

Wakubwa, mie ni wa Mombasa, kazi yangu imenipeleka Nairobi, na Jumamosi hupenda kwenda makumbusho ya reli kumtazama yule Garratt mwekundu, injini kubwa ya mvuke, 5918 Mount Gelai. Kibao cha mtengenezaji kimeandikwa Beyer Peacock, Manchester. Juzi nikaona picha ya injini ya mvuke ya Ireland, bluu kama anga la asubuhi, nayo yasemekana ni ya Beyer Peacock. Kweli walitoka nyumba moja?

#13 Kipanga
Swali bora kuliko yote humu. Ndiyo, karakana ileile ya Gorton, Manchester.

Hiyo bluu ni ya Great Northern Railway ya Ireland, kampuni iliyokuwa na njia kuu ya Dublin hadi Belfast. Mwaka 1932 walipokea injini za haraka za aina ya V kutoka Beyer Peacock, wakazipa majina ya ndege wawindaji: Eagle, Falcon, Merlin, Peregrine. Wakazipaka bluu, na kuanzia hapo injini zao za abiria zikawa zinavishwa bluu moja baada ya nyingine. Merlin ipo hadi leo. Na kabla ya hapo, 1913, Beyer Peacock haohao waliwatengenezea injini za aina ya S, na hizo zilipewa majina ya milima ya Ireland: Slieve Gullion, Slieve Donard, Errigal. Slieve Gullion nayo imehifadhiwa.

Sasa sikia raha yake, Binti. Garratt wa aina ya 59, wale 34 waliokuja Afrika Mashariki katikati ya miaka ya 1950, nao wote walipewa majina ya milima: Kenya, Kilimanjaro, Meru, Gelai, Shengena. Kiwanda kimoja, desturi ileile ya majina, bara mbili.

#14 Gadi_wa_Usiku
Kipanga, ndege umemwacha mmoja. Walikuwa watano, namba 83 hadi 87, na wa tano ni Kestrel. Mtu anayejiita Kipanga asahau kipanga mwenzake?

#15 Kipanga
Kestrel ni mdogo, anaruka chini, hatuhesabiani.

#16 Nyangumi77
Kwa kuwa tuko kwenye majina. Mwaka 1948 Great Northern walipokea tena injini tano kutoka Beyer Peacock, aina ya VS, safari hii majina ya mito: 206 Liffey, 207 Boyne, 208 Lagan, 209 Foyle, 210 Erne. Kampuni ikagawanywa Oktoba 1958 kati ya serikali mbili, kusini na kaskazini, kwa sababu mpaka ulipita katikati ya reli zake. Miaka ya 1990 Ireland inaagiza vichwa vipya vya 201 vyenye majina ya mito. Tazama namba: 206 River Liffey, 207 River Boyne, 208 River Lagan, 209 River Foyle, 210 River Erne. Mtu alikaa na daftari la zamani akapanga vilingane.

Hata wale wa Ireland ya Kaskazini, 1970 walipofufua treni ya Enterprise ya Dublin na Belfast, vichwa vyao vitatu vya Hunslet walivipaka rangi ya damu ya mzee wakaviita Eagle, Falcon na Merlin.

Kwa hiyo nauliza: watu wanaokumbuka namba za injini kwa miaka 46, ndio haohao unaniambia walichagua nyeusi kwa sababu ya tambara la fundi?

#17 MzeeWaKarakana
Wanaotoa majina na wanaoshika tambara hawakai chumba kimoja.

#18 Binti_Kilindini
Ahsante Kipanga, ahsante Nyangumi. Jumamosi nitamsalimu Gelai nimwambie ana ndugu Ireland.

#19 Mama_Zawadi
Habari zenu. Mimi si mtaalamu wa namba, nafanya kazi ya kulea wazee Belfast, mume wangu ndiye mgonjwa wa treni. Nimesoma mpaka hapa, mbona hakuna anayezungumzia safari zenyewe? Bibi ninayemhudumia haongei kuhusu rangi. Anaongea kuhusu Portrush: kuamka alfajiri, mikate iliyofungwa kwenye karatasi, treni imejaa watoto wa mtaa mzima, na yule atakayeona bahari kwanza.

Mume wangu anasema kile chama chao cha kuhifadhi reli, RPSI, cha tangu 1964, kilianza kurudisha safari za Portrush kwa mvuke 1973. Nikamuuliza kwa nini mwaka ule mbaya wa mabomu? Akasema ndiyo maana hasa, watu walitaka siku moja ya kwenda mahali. Sijui kama ni kweli au ni mapenzi yake.

#20 Mataruma
Karibu dada. Umetuokoa. Hizo treni za mandari ndizo zilizoijenga reli ya Ireland moyoni mwa watu, rangi ni chombo tu. CIÉ kuanzia 1949 walikuwa na treni ya redio: behewa moja limefanywa studio, mtangazaji anapiga muziki na kusoma salamu, spika kila behewa, mnakwenda Killarney na kurudi mkisikiliza redio inayosikika ndani ya treni tu. Kulikuwa na treni za fumbo pia, unakata tiketi bila kujua unapelekwa wapi. Usisahau treni za fainali za GAA, chama cha michezo ya jadi ya Kiairishi, kaunti nzima inahamia Dublin na bendera madirishani. Na mahujaji wa Knock, wakishukia Claremorris.

#21 Dada_Limerick
Fungakazi ilikuwa ziara ya Papa Yohane Paulo wa Pili. Phoenix Park Dublin 29 Septemba 1979, kesho yake Knock, 1 Oktoba hapa kwetu Limerick. Jirani yangu alikuwa karani wa tiketi, anasema kila kilichokuwa na magurudumu kilitolewa banda, hata mabehewa yaliyokuwa yakingoja kukatwa chuma chakavu. Rangi hapo hakuna aliyeuliza. Ukipata pa kusimama umepata.

#22 Gadi_wa_Usiku
Kwa kuwa tumefika kwenye treni za mandari, lazima isemwe ile ya Armagh, maana kila anayepanda treni leo, popote, anakula matunda yake.

Tarehe 12 Juni 1889. Watoto wa shule ya Jumapili ya Wamethodisti wa mji wa Armagh, wazazi na walimu, wanakwenda ufukweni Warrenpoint. Watu kama 940, mabehewa 15, injini moja ndogo. Dereva alilalamika stesheni kwamba mzigo ni mkubwa, akajibiwa vibaya. Kutoka mjini kuna mlima wa moja kwa 75, yaani kila futi 75 unapanda futi moja. Injini ikaishiwa pumzi karibu na kilele. Msimamizi wa safari akaamua treni ikatwe vipande viwili: injini iende na mabehewa matano ya mbele, irudi kuchukua kumi ya nyuma. Yale kumi yakaachwa yameshikwa na breki ya mkono ya gadi na mawe machache chini ya magurudumu. Injini ilipoanza kuondoka ikarudi nyuma kidogo tu, kama kichwa chochote kinavyofanya kwenye mwinuko. Mguso ule ukaponda mawe. Mabehewa kumi yakaanza kuteremka, milango imefungwa kwa ufunguo, na nyuma yao treni nyingine ilikuwa imeshatoka Armagh inapanda. Walikufa watu 80, watoto wengi.

Bunge likapitisha sheria mwaka huohuo: breki za kujiendesha zenyewe kwenye kila treni ya abiria, na treni mbili zisiwe kwenye kipande kimoja cha njia.

#23 Mama_Zawadi
Jamani. Nimezungumzia mikate na nyinyi mmeleta vifo.

#24 MzeeWaKarakana
Samahani mama, lakini hili mafundi hufundishwa mwanzo kabisa, niache niseme.

Treni ile ilikuwa na breki ya vakyumu, ila ya aina rahisi. Ili breki ikamate, injini inyonye hewa kwenye bomba. Ukikata treni, bomba limekatika, mabehewa ya nyuma hayana breki tena. Kila kitu kinategemea mkono wa gadi. Breki ya kujiendesha ni kinyume chake: vakyumu ndiyo inayozuia breki isikamate. Bomba likikatika, hewa inaingia, breki inakamata bila kuuliza mtu. Chombo kilekile, kimegeuzwa maana. Breki za upepo za leo nazo zina wazo hilo: presha ikipotea, zinakamata.

Na vijana wa Tanzania mnajua ninachofikiria. Igandu, Dodoma, 24 Juni 2002. Treni ya abiria imesimama mlimani, inarudi nyuma, inagonga ya mizigo. Watu 281. Mlima, kurudi nyuma, treni nyingine nyuma. Ukisoma ya Armagh baada ya ile, hulali.

#25 Kabwela_Cork
Mungu awarehemu.

Kuhusu Armagh, mimi lawama naziweka kwa yule msimamizi. Treni nyingine ilikuwa inakuja nyuma. Angengoja iwasukume. Kukata treni mlimani ni haraka ya mtu anayeogopa kuchelewa.

#26 Nyangumi77
Lawama ni za stesheni, Kabwela. Waliongeza mabehewa, dereva akasema hayavutiki, wakamdharau. Mengine yote ni matokeo.

#27 Gadi_wa_Usiku
Mimi nawalaumu wenye kampuni. Breki za kujiendesha zilikuwepo sokoni miaka mingi kabla ya 1889. Waliona ni gharama. Msimamizi na stesheni walifanya makosa ya kibinadamu, lakini makosa ya kibinadamu ndiyo breki ile ilitengenezwa iyasamehe.

#28 MzeeWaKarakana
Na mawe. Hakuna aliyewaambia kwamba jiwe la barabarani si kabari.

#29 Mwana_Amu
Nami nina la kuchekesha, maana naona mama Zawadi yuataka kulia.

Kusini magharibi ya Ireland, kati ya Listowel na Ballybunion, palikuwa na reli ya mguu mmoja, 1888 hadi 1924. Mfaransa Charles Lartigue aliona ngamia wa Algeria wamebeba mizigo huku na huku, akaunda reli moja iliyoinuliwa juu ya miguu ya chuma, na treni imeikalia kama shogi juu ya punda wa Amu. Hata injini ilikuwa na matangi mawili ya mvuke, moja kila upande! Sasa kila mwenye punda ajua shida yake: pande mbili zilingane. Wasimulia kwamba mtu alitaka kusafirisha piano, wakaweka ndama wawili upande wa pili kusawazisha. Kufika, piano yashushwa, na ndama je? Warudishwa, mmoja kulia, mmoja kushoto.

#30 Mama_Zawadi
Hahahaha! Huyo amenirudishia siku yangu.

#31 Mpita_Njia
Hii ya ndama ni kweli au chai?

#32 Mwana_Amu
Reli ni kweli, kipande chake kimejengwa upya Listowel waweza kupanda. Ndama wahukumu mwenyewe.

#33 Dada_Limerick
Upande huuhuu wa nchi kulikuwa na West Clare, reli nyembamba ya futi tatu. Msanii Percy French alicheleweshwa akakosa onyesho lake Kilkee 1896, akaishtaki kampuni mahakamani akashinda pauni 10. Reli ilifungwa Januari 1961, miaka michache tu baada ya kuwekewa dizeli mpya. Hilo ndilo linalowaumiza wapenda reli: kununua vichwa vipya halafu kung'oa njia.

#34 Nyangumi77
Donegal ndiyo ilikuwa nzuri kuliko zote, futi tatu vilevile, injini nyekundu, mabehewa ya nyekundu na rangi ya maziwa. Treni ya mwisho ilikuwa 31 Desemba 1959. Mmarekani mmoja akanunua injini na mabehewa ayapeleke kwao, gharama za meli zikamshinda, vikabaki palepale. Ndiyo maana leo vipo vya kuviona. Ufukara wa tajiri umeokoa urithi.

Na mnaona? Nyekundu ile Donegal waliiweka mpaka mwisho, na injini zao zilikuwa za makaa, chafu kuliko Crossley yoyote. Walikuwa wanaosha tu. Nadharia ya uchafu imekufa rasmi.

#35 Kabwela_Cork
Reli yenye injini chache unaziosha zote Jumamosi. CIÉ walikuwa na mamia. Nadharia iko hai na inakula vizuri.

#36 Dada_Limerick
Nami nabaki na kisasa. Treni za umeme za Dublin, DART, zilipoanza 1984 zilikuja kijani mbichi, kijani kilekile walichokikimbia. Maana kisasa kilikuwa kimehama.

#37 Mwana_wa_Voi
Nimechelewa. Watu wa Ireland na reli, mbona hamjamtaja Patterson wa simba wa Tsavo? Yule mhandisi wa daraja la 1898 alizaliwa Ireland, kaunti ya Longford. Aliandika watu 135 waliliwa.

#38 Gadi_wa_Usiku
Watafiti waliochunguza mifupa na nywele za simba wale, 2009, walikadiria kama 35. Na Patterson alikuwa mwanajeshi aliyepewa daraja. Lakini karibu, ingawa uzi ni wa rangi.

#39 Mwana_wa_Voi
Simba wale hawakuwa hata na manyoya shingoni, na 135 ndiyo tuliyofundishwa shuleni, siishushi.

#40 Binti_Kilindini
Turudi kwenye vichwa. Nani ana habari za kile cha Ireland kilichopandishwa ndege?

#41 Kipanga
Namba 201, Juni 1994. Kimetengenezwa London ya Ontario, Kanada, tani 112, kikaingizwa ndani ya Antonov An-124 kikashushwa Dublin. Chungwa na nyeusi, kinatoka mdomoni mwa ndege.

#42 Mpita_Njia
Tani 112 kwenye ndege! Haraka ya nini? Meli zilikuwa zimegoma?

#43 Mataruma
Wengine wanasema walitaka kimoja kifike mapema wakijaribu njiani na kufundishia madereva. Wengine wanasema ilikuwa ni picha ya gazeti tu.

#44 MzeeWaKarakana
Kufundishia. Dereva hafunzwi na picha.

#45 Dada_Limerick
Picha, mzee. Mbona imekaa kwenye kila kitabu chao?

#46 Gadi_wa_Usiku
Vyovyote iwavyo, vile 33 vilivyobaki vilikuja kwa meli kama vichwa vya watu wengine.